Mimba Ipitayo Tarehe Yake: Hesabu, Dawa na Njia ya Bunia

Katika vijiji vya nyanda za juu za Ituri, mashariki ya Kongo, na Bogoro ni kimoja katika hivyo, mwanamke mjamzito aghalabu huwa na tarehe mbili za kujifungua: moja imeandikwa na mwuguzi katika karatasi ya kliniki ya wajawazito, ile waitayo CPN, na ya pili imewekwa na mama mkwe wake kwa kutazama mwezi wa angani, umbo la tumbo na mwendo wa mjamzito mwenyewe. Zikipatana, hapana neno. Zikipishana, na moja kati yake ikapita pasipo uchungu, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi na kila mtu hugeuka tabibu: huyu aleta mizizi, yule aleta mafuta, wa tatu asema mwanamke ameketi mno kivulini, na ashike jembe akalime, mtoto atashuka. Mjamzito mwenyewe, ambaye miguu imemvimba na usingizi umemtoroka, yu radhi kuamini lolote litakalomwondolea mzigo.

Swali litajwalo siku hizo ni moja: uchungu waweza kuitwa kwa njia za asili, pasipo sindano wala kisu, na ukiitwa utakuja? Ni swali la haki, na lina majibu, baadhi yake ya kupendeza na baadhi ya kutisha. Lakini limetanguliwa na swali jingine ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ni la hesabu tu: ni kweli tarehe imepita?

Tarehe ya kliniki hutokana na kanuni inayonasibishwa na Franz Karl Naegele, tabibu wa uzazi wa Heidelberg katika Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1778 na kufariki 1851. Huchukuliwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hujumlishwa siku 7, hurudishwa nyuma miezi 3, kisha mwaka husogezwa mbele. Jumla yake ni siku zipatazo 280, yaani wiki 40. Ajabu ya kanuni hii, inayotumiwa na wakunga wa dunia nzima, ni kwamba Naegele aliipokea kwa mtangulizi wake, Herman Boerhaave wa Uholanzi, wala hakubainisha wazi kama siku zile 7 zihesabiwe tangu mwanzo wa hedhi au tangu mwisho wake. Waliomfuata ndio waliouchagua mwanzo. Fauka ya hayo, kanuni humdhania kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28, hata mwenye mzunguko wa siku 35 akaonekana amechelewa wiki nzima ilhali mtoto wake yumo katika wakati wake. Katika watoto 100, ni 4 au 5 tu wazaliwao siku yenyewe iliyoandikwa. Karatasi ya kliniki, basi, haipigi muhuri wa siku; hukisia majira.

Na sasa tuitazame hesabu ya mama mkwe, maana si haki kumcheka mtu kabla ya kumhesabia. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu na punje juu yake. Miezi 9 ya namna hiyo ni siku 266. Mwanamke akianza kuhesabu tangu hedhi yake ya mwisho, miezi 9 itamtimia siku 14 kabla ya zile siku 280, naye atalia kwamba amepitiliza hali angali na wiki 2 za haki yake. Lakini akianza, kama wengi wafanyavyo, tangu siku ile alipoitazamia hedhi nayo isije, yaani siku ya 28, miezi ileile 9 itamfikisha siku ya 294, ambayo ni wiki 42 kamili, na huo ndio mpaka ambao matabibu wanauhesabu kuwa mwanzo wa mimba iliyopitiliza. Tamko moja, miezi tisa, litamkwalo na bibi mmoja katika ua mmoja, laweza kubeba ndani yake tofauti ya wiki 4. Na ndani ya wiki hizo 4 mna mtoto asiye na haja ya kuharakishwa, na mna mtoto ambaye kila siku moja ya kungoja inampunguzia amani.

Wako tena wale wasio na pa kuanzia kabisa. Mama anayenyonyesha aweza kushika mimba kabla hedhi haijamrudia, na aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango huenda akakaa miezi mingi pasipo kuiona, kisha akawa mjamzito katikati ya kimya hicho. Ukimwuliza mwanamke wa namna hiyo siku ya hedhi yake ya mwisho, atakutajia mavuno ya maharagwe, au mvua kubwa, au msiba wa jirani. Si uongo, bali ndiyo kalenda aliyo nayo. Kwa huyo dawa ya hesabu ni moja, nayo ni ekografi, au eko kama wasemavyo watu wa mji wa Bunia, ifanywe mapema: katika miezi 3 ya mwanzo kosa lake ni siku chache tu, lakini ikifanywa mwishoni mwa mimba yaweza kukosea kwa wiki 3 mbele au nyuma, na hapo haimwondolei mtu shaka yoyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apate walau eko moja kabla ya wiki ya 24. Wengi huikimbilia mwezi wa tisa, ili wajue kama ni mvulana au msichana.

Wanazuoni wa fikihi nao walilikuta swali hili mbele yao kabla ya Naegele kuzaliwa. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, yaliuweka ukomo wa mimba kuwa miaka 4, na ya Hanafi miaka 2; na katika nchi za Maghribi ilienea itikadi ya mtoto anayelala tumboni, akaamka atakapo. Msomaji wa leo hutabasamu. Mimi naona hukumu hizo zilikuwa na rehema kuliko ujinga, maana mjane aliyejifungua muda mrefu baada ya kufa mumewe alipata stara, na mtoto akapata nasaba. Lakini stara ya kadhi haikulizuia kondo la nyuma kuzeeka.

Kondo ndilo chanzo cha hofu yote. Limeumbwa lifanye kazi ya muda maalumu, kumpitishia mtoto chakula na hewa. Na muda ukipita, katika baadhi ya wanawake, si wote, huanza kulegea, maji ya chupa hupungua, na mtoto huweza kutoa kinyesi chake cha kwanza ndani ya maji hayo na kukivuta mapafuni. Uchunguzi uliokusanya habari za mimba zaidi ya milioni 15, ukatangazwa mwaka 2019, uliona kwamba hatari ya mtoto kufia tumboni, ambayo katika wiki ya 37 ni kiasi cha 0.11 katika kila mimba 1000, hufika 3.18 katika wiki ya 42. Mtu aweza kuisoma hesabu hiyo kwa namna mbili, na zote ni za kweli: kwamba hata katika wiki ya 42 walio wengi mno watazaliwa salama, na kwamba hatari imekua karibu mara 30. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya jaribio la Uswidi lililowahusu wanawake 2760, nusu yao wakianzishiwa uchungu katika wiki ya 41 na nusu wakingojewa hadi ya 42. Lilikatizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa katika kundi la waliongoja walikuwa wamekufa watoto 6, na katika kundi la pili hakufa hata mmoja. Na hiyo ni Uswidi, ambako chumba cha upasuaji hakiko mbali na mtu.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kuanzisha uchungu kwa mwanamke aliyetimiza wiki 41, lakini huongeza sharti ambalo wasomaji wa haraka hulipita: iwe imejulikana kwa yakini kwamba amezitimiza. Yakini ndiyo neno zito katika sentensi ile. Pasipo yakini, mtu huvuna tunda bichi.

Tuziendee sasa zile njia za asili, kila moja kwa kadiri ya haki yake. Nanasi, pilipili kali na mchuzi wa viungo vingi havistahili kutuchelewesha: husumbua tumbo la chakula, si la uzazi. Kutembea ni jambo jema, na mwanamke aliyekwisha kushikwa na uchungu akisimama na kutembea badala ya kulala chali, saa zake za uchungu hupungua. Lakini hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba mwendo huuita uchungu usiokuwapo, na kumtuma mjamzito wa wiki 41 kulima ni kumchosha kabla ya kazi iliyo kubwa kuliko kulima. Tendo la ndoa lina sifa kubwa katika mabaraza ya wanawake, na sifa hiyo ina asili ya kielimu, kwa kuwa maji ya mwanamume yana prostaglandini, ambayo hulainisha mlango wa kizazi. Hata hivyo, matabibu wa Kuala Lumpur walipowagawa kwa kura wanawake zaidi ya 1000, kundi moja likahimizwa na jingine lisihimizwe, hawakuona tofauti katika kuanza kwa uchungu. Maadamu chupa haijapasuka na hakuna damu, halimdhuru mtu. Na wanandoa waliokaribia kulea mtoto wana sababu zao nyingine.

Tende ni habari nyingine, nami nakiri kwamba naipenda, kwa kuwa kila asomaye Kurani anakijua kisa cha Maryamu aliyeletwa na uchungu kwenye shina la mtende. Katika Jordan, kati ya miaka 2007 na 2008, wanawake 69 walikula tende 6 kila siku kwa wiki 4 kabla ya tarehe yao, wakalinganishwa na 45 wasiokula. Waliopata uchungu wenyewe walikuwa 96 katika 100 miongoni mwa walaji, na 79 katika 100 miongoni mwa wasiokula. Idadi ni ndogo, na wanawake walijichagulia wenyewe kundi, kwa hiyo mwenye insafu hataijenga nyumba juu yake. Lakini yafaa kutambua kwamba tende haikuwa dawa ya siku iliyopita. Ilikuwa chakula cha mwezi uliotangulia. Anayeinunua siku ya kumi baada ya tarehe amenunua utamu tu, na Ituri, ambako tende hufika kutoka mbali, ni utamu wa ghali.

Kusisimua chuchu ndiyo njia ya nyumbani iliyo karibu zaidi na elimu, maana huuamsha mwili kutoa oksitosini, homoni ileile inayoufunga mfuko wa uzazi mama anapomnyonyesha mtoto mchanga. Majaribio 6 yaliyojumlisha wanawake 719 yalionyesha kwamba 37 katika 100 miongoni mwa waliojisisimua walishikwa na uchungu ndani ya siku 3, dhidi ya 6 tu miongoni mwa walioachwa. Ambaye mlango wake wa kizazi ungali mgumu haikumsaidia. Na jaribio moja lililowachukua wanawake wenye mimba za hatari lilisimamishwa kwa sababu ya vifo vya watoto: mkono wa mwanamke mwenyewe, usio na dawa wala sindano, waweza kuukaza mfuko kupita kiasi.

Hapa ndipo tamko la asili linapoanza kutudanganya. Tukisema asili twadhani tumesema salama, ilhali hayo ni maneno mawili. Mafuta ya mbarika ni ya asili, na wanasayansi wa Ujerumani walionyesha mwaka 2012 jinsi asidi iliyomo inavyougusa utumbo na mfuko wa uzazi kwa mlango mmoja. Ndiyo maana mwanamke huyanywa apate uchungu, akapata kuhara na kutapika kwanza, akaingia leba amekaukiwa maji, mahali ambapo pengine hakuna hata chupa moja ya dripu. Mimi sitamshauri mtu kuyanywa.

Tena ni nchi hii ya Kongo iliyoipa dunia somo kubwa katika mlango huu. Katika miaka ya 1960 tabibu wa Norwe, Lorents Gran, aliyekuja na ujumbe wa Msalaba Mwekundu, aliona katika Kasai kwamba wanawake walitumia maji yaliyochemshwa ya mmea mdogo uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Aliuchukua mmea akauchunguza, akatoa ndani yake kitu alichokiita kwa jina la wenyeji, kalata. Na katika miaka ya 1990 ikadhihirika kuwa ni protini ndogo ya viungo 29 iliyofungwa kama pete, haina mwanzo wala mwisho, na kwa umbo hilo haiharibiwi na moto wa chungu, ambao huziharibu protini nyingi. Maabara za dunia zingali zinaisoma pete hiyo hadi leo. Asiseme mtu, basi, kwamba dawa za bibi zetu hazifanyi kazi. Zafanya kazi; na kitu kinachofanya kazi kina kipimo, na kipimo ndicho ambacho chungu hakina. Mumbwa wa Uganda, ambao ni udongo uliofinyangwa pamoja na majani, na mwanamphepo, dawa ya mitishamba ya Malawi, viko katika hukumu hiyohiyo: jani la mvua si jani la kiangazi, mzizi wa huku si mzizi wa kule, na mikazo ikiwa mikali na ya mfululizo mtoto hukosa hewa, na mfuko wa mwanamke aliyezaa mara nyingi, au aliyewahi kupasuliwa, waweza kupasuka.

Wazungu walilipita darasa hilo kabla yetu, na ada yake walilipa. Mwaka 1808 tabibu John Stearns wa New York aliitangaza ergoti, kuvu iotayo juu ya nafaka, ambayo wakunga walikuwa wakiitumia, kuwa unga wa kuzalisha. Ikaenea upesi, kwa kuwa matabibu nao wana haraka. Mwaka 1824 mwenzake, David Hosack, alipoona wingi wa watoto waliozaliwa wafu, alisema unga ule uitwe unga wa mauti, akataka utumiwe baada ya mtoto kutoka tu, kuzuia damu. Ilibidi kungoja hadi 1953 ndipo Vincent du Vigneaud akaiunda oksitosini kwa mikono ya mwanadamu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Na jambo kubwa alilotuletea ni dawa inayopimika kwa tone.

Hatari ya chungu, hata hivyo, imehamia katika duka la dawa. Kidonge cha misoprostoli, kinachouzwa katika miji yetu kwa mtu yeyote mwenye fedha, kina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzishia uchungu kinachoshauriwa kwa kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa 2, chini ya macho ya mkunga anayesikiliza moyo wa mtoto. Anayekimeza kidonge kizima amemeza mara 8, na kwa aliyewahi kupasuliwa dawa hii imekatazwa kabisa. Mwenye duka haulizi kovu.

Ikiwa kuna njia iliyo kati ya asili na tiba, ambayo yafaa wanawake waijue na kuiomba, ni kidole cha mkunga: huingizwa katika mlango wa kizazi kwa glovu safi na kuitenga taratibu ngozi ya chupa na ukuta wa mfuko. Huumiza kidogo na huleta matone ya damu. Kwa hesabu za majaribio yaliyokusanywa hadi 2020, katika wanawake 1000 waliofanyiwa hivyo wapatao 723 walishikwa na uchungu wenyewe, dhidi ya 598 wasiofanyiwa. Haihitaji umeme wala jokofu. Inahitaji mtu aliyefundishwa, mwenye hakika ya wiki, na mwenye hakika kwamba kondo halikukaa chini kuziba njia.

Tumezunguka Heidelberg na Kuala Lumpur, turudi nyumbani. Bogoro iko kilomita zipatazo 25 kutoka Bunia, juu ya njia ishukayo Kasenyi kwenye Ziwa Albert, na watu wa mbali huijua kwa msiba wa mauaji ya tarehe 24 Februari 2003, uliofikishwa hata mahakama ya The Hague. Msichana aliyezaliwa mwaka ule leo ana umri wa kuwa mama. Kilomita 25 si mwendo mrefu katika karatasi. Lakini usiku, katika mvua, juu ya pikipiki, na mwanamke ana mikazo aliyojiletea kwa dawa asiyojua kipimo chake, ni mwendo usio na mwisho. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura, na hata kabla yake mtu mwenye akili hakuthubutu kuanza safari jua likitua. Mwanamke wa Uswidi akiuita uchungu nyumbani na ukaenda mrama, hungojewa na gari. Wa Bogoro hungojewa na giza. Kwa hiyo jambo lililo dogo kule ni kubwa huku, na ushauri haupaswi kufanana.

Nionavyo mimi, kituo cha afya cha kijijini kinafaa kuhesabu, kupima, kusikiliza moyo wa mtoto na kuwaambia wajawazito dalili zisizongoja hata saa moja: mtoto kupunguza kucheza, maji kuvuja, damu, kichwa kuuma na macho kuona ukungu. Kuuanzisha uchungu ni kazi ya mahali penye chumba cha upasuaji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba penye umbali kama huu zijengwe nyumba za kungojea karibu na hospitali, mjamzito akae humo siku zake za mwisho. Na pasipo nyumba ya namna hiyo, kuna shangazi au dada wa ukoo anayekaa mjini, ambaye mkeka wake una faida kuliko mizizi yote ya porini. Wiki ya 41 ikitimia kwa hesabu ya yakini, mahali pa mwanamke wa Bogoro ni Bunia, naye aende mchana.